Maiki Moja, Watu Watano: Blugrasi Jukwaani

REHEMA: Karibuni tena wapenzi wa muziki. Leo tupo Nashville, Marekani, kwenye muziki wa nyuzi wa blugrasi. Kaka Shabani, fundi mitambo aliyezoea bendi za dansi akiingia ukumbini anashangaa: wapigaji watano, vyombo vitano (banjo, gitaa, mandolini ambayo ni kama gitaa dogo, fidla yaani violini, na besi), waimbaji watatu, na katikati imesimama maiki moja.

SHABANI: Anadhani gari la vyombo limechelewa! Hapana. Bill Monroe, mwanzilishi wa muziki huu, alipoanza kupiga kwenye kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mwaka 1939, kuzunguka maiki moja lilikuwa jambo la kawaida. Leo maiki zimejaa kila mahali, lakini bendi kama ya Del McCoury imejijengea jina kwa mtindo huo. Wapigaji wanajipangia sauti wenyewe, na miguu yao ndiyo volyumu.

REHEMA: Wape wasikilizaji hesabu yake.

SHABANI: Ukiwa sentimita 60 kutoka kwenye maiki ukasogea hadi 30, sauti yako inapanda kama desibeli 6. Ni hatua ndogo tu. Mwenye solo anasogea mpaka hapo, wengine wanabaki nyuma kama mita moja, kwenye nusu duara. Kiitikio kikifika, waimbaji watatu wanakusanya vichwa: wa sauti kuu katikati, wa sauti ya juu upande mmoja, wa sauti ya chini upande wa pili. Wakimaliza wanatawanyika haraka, maana mpiga solo anatakiwa awe ameshaanza kuingia kabla neno la mwisho halijaisha. Akichelewa, noti zake za kwanza zinapotelea hewani, na mara nyingi hizo ndizo zinazobeba melodia.

REHEMA: Na hapo ndipo wanapogongana. Banjo, gitaa na mandolini zote shingo zinatazama kushoto kwa mpigaji. Ukiingia umelaza shingo, unamchoma mwenzako mbavuni. Ingia umeisimamisha, ilaze ukishafika. Mpiga fidla yeye mpishe upande wake wa kulia, kiwiko na upinde vinahitaji nafasi. Mazoezi ya bendi ya namna hii yafanyike mmesimama, na maiki iwe imewekwa hata kama haijawashwa.

SHABANI: Maiki yenyewe iwe kondensa ya diaframu kubwa, ile aina nyepesi kunasa sauti hata za mbali kidogo, inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma. Inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Usipowasha kitufe cha umeme huo, utabadilisha nyaya mpaka asubuhi bila kupata sauti. Ile maiki ya kawaida ya mwimbaji haifai hapa. Imetengenezwa isikie mdomo ulio karibu, ukirudi nyuma sentimita 40 imeshakusahau. Urefu uwe chini kidogo ya kidevu. Ikipanda sana vyombo vinapotea, ikishuka sana waimbaji wanainama kama wanatafuta shilingi.

REHEMA: Adui mkubwa ni ile filimbi ya spika, mlio unaotokea maiki inapoisikia spika yake yenyewe.

SHABANI: Kwanza, spika za jukwaani za wapigaji zizime kabisa. Watasikiana kwa masikio, ndiyo maana wanasimama karibu karibu. Pili, spika za wasikilizaji zikae upande wa wasikilizaji, mbele kuliko maiki ilipo, na zisiitazame. Tatu, pandisha sauti taratibu kabla watu hawajaingia, mpaka mlio uanze. Tafuta kwenye ikwalaiza, yaani vitufe vya kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba, masafa yanayolia, yakate desibeli 3 mpaka 6, halafu shusha sauti ya jumla kidogo ubakize akiba. Ukikata mahali pengi unaua mandolini, sauti yake inakuwa kama imefunikwa blanketi.

REHEMA: Halafu kuna fundi anayeona mambo magumu, anaongeza maiki tatu "kwa usalama".

SHABANI: Anajitafutia balaa. Kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya filimbi. Besi pekee ndiyo ipewe njia yake. Ile besi kubwa ya kusimama haiwezi kukimbia mbele na kurudi, na sauti zake nzito hazifiki vizuri kwenye maiki ya katikati. Ifungie pikapu, kifaa kidogo cha kunasa mtetemo, kwenye daraja lake, kile kibao kinachobeba nyuzi, iongeze kwenye miksa kidogo sana.

REHEMA: Ngoma hakuna, kwa hiyo mwendo nani anaushika?

SHABANI: Besi na mandolini. Ukihesabu nne, besi inapiga 1 na 3, mandolini inajibu 2 na 4. Tazama mkono wa kushoto wa mpiga mandolini: vidole vinabana nyuzi, anapiga, halafu papo hapo analegeza bila kuviondoa. Sauti inakatika, chak! Akikawia kulegeza, noti zinaning'inia na mwendo unakuwa tope. Akiharakisha, bendi nzima inamfuata, na wimbo ulioanza kwa kasi ya kawaida unamalizikia kwenye kasi ambayo fidla haiwezi kutamka kila noti.

REHEMA: Banjo nayo? Huku kwetu wengi wanaifahamu kwa jina tu.

SHABANI: Ina nyuzi tano, wa tano ni mfupi, unaanzia freti ya tano, freti zikiwa vile vijichuma vinavyokatiza shingo. Wapigaji wanavaa kucha bandia, plastiki kwenye gumba na chuma kwenye vidole viwili. Mtindo huo wa vidole vitatu ulitikisa nchi pale mpiga banjo Earl Scruggs alipojiunga na Monroe Desemba 1945. Asili ya chombo ni Afrika Magharibi, kilivuka bahari na watumwa. Ndiyo maana mwaka 2005 mpiga banjo Béla Fleck alikuja kupiga na wanamuziki wa bara hili, akiwemo Anania Ngoliga wa Tanzania.

REHEMA: Kinachoharibu usiku wa banjo ni kubadili ufunguo. Waimbaji wa blugrasi wanaipenda B, kwa hiyo banjo iliyotyuniwa G inafungwa kapo, kibanio cha kubana nyuzi shingoni, freti ya nne. Uzi wa tano kapo haiufikii! Unachomekwa chini ya kijimsumari kilichopigiliwa freti ya tisa. Kapo ikikaza sana, nyuzi zote zinapanda. Kwa hiyo panga nyimbo kwa funguo: za G pamoja, za A pamoja, B zifuate.

SHABANI: Na daraja la banjo halijagundishwa, linashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Likigongwa likasogea, noti za juu zote zinadanganya. Piga noti ya filimbi kwenye freti ya 12, yaani gusa uzi kidogo tu bila kuubana, kisha bana hapohapo upige tena. Zikitofautiana, sogeza daraja: noti ya kubana ikiwa juu, lirudishe nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini, lilete mbele.

REHEMA: Tumalizie na wanaopiga kwa duara bila maiki, kama zile Jumapili za Station Inn, klabu ya hapa Nashville iliyopo tangu 1974.

SHABANI: Anayeanzisha wimbo ndiye mwenye nyumba. Anataja ufunguo, anaanza, na solo zinazunguka duara. Usipotaka, tikisa kichwa, zamu ipite. Kuumaliza wimbo, anainua mguu mmoja, watu wajue raundi hii ndiyo ya mwisho.

REHEMA: Wakija na banjo tatu?

SHABANI: Moja ipige, mbili ziwekwe kimya mpaka zamu zao. Na asiyeujua wimbo asimame mahali anapouona mkono wa kushoto wa mpiga gitaa ili afuate vidole vyake, apige kwa sauti ya chini kuliko anayeimba.