Ganda Lililokosa Ndugu

Ndugu zangu, leo tena nitawachosha na risasi ya milimita 5 ya Remington, kampuni ya bunduki ya Marekani. Nimeshaambiwa niiache ipumzike. Siiachi.

Hii ni risasi ya fataki ya ukingoni. Dawa ya kulipuka, yaani fataki, imefichwa ndani ya mkunjo wa kitako cha ganda, kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti na kichwa, pini inaponda ukingo, dawa inawaka. Basi shaba ya ukingo ikiwa nene, pini haiipondi. Ikiwa nyembamba, presha inaipasua. Hapo ndipo mafundi wote hukwama! Magnum ya .22 ya kampuni ya Winchester, risasi ya ukingoni ya mwaka 1959, iliishia kwenye presha ya pauni 24,000 hivi kwa inchi ya mraba. Remington wakataka 33,000. Ganda la Winchester lisingestahimili, kwa hiyo wakabuni jipya kabisa, imara zaidi, lenye shingo kama ya chupa. Kichwa cha gramu 2.5 kikatoka kwa futi 2,100 kwa sekunde. Miaka ile, katika ukoo wake, haikuwa na mshindani.

Kuna bwana hapo nyuma anatabasamu. Anataka kuniambia: ingekuwa nzuri, ingekufaje? Bwana, iliuawa na upweke. Karibu bunduki zake zote zilikuwa za Remington wenyewe, modeli 591 na 592, na mwaka 1974 zikakoma. Mwaka 1982 risasi nazo zikakoma. Na usiniambie watu wangejaza wenyewe! Kwenye risasi ambayo fataki yake iko katikati ya kitako, fataki unaing'oa, unatia nyingine, baruti, kichwa, kazi imekwisha. Hii ukingo umeshapondwa, dawa ilikuwa ndani ya mkunjo. Ganda likishalia ni takataka. Mtu ana bunduki nzima kabatini, safi, imepakwa mafuta, na hana cha kuilisha.

Tazameni kampuni ya Hornady mwaka 2002. Walichukua ganda lilelile la Winchester, wakalibana shingo lipokee kichwa chembamba zaidi, cha inchi .17. Viwanda vya bunduki havikuhitaji kuunda silaha upya, mtutu tu. Ikauzika mno.

Nilitaka pia kumzungumzia fundi Flobert wa Ufaransa na vijirisasi vyake vya ukingoni vya 1845, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Flobert atasubiri.

La mwisho: mwaka 2008 kiwanda cha Aguila cha Mexico kilianza kuitengeneza tena risasi hii ya Remington. Risasi zikarudi, na bunduki za kuzipiga nyingi bado ni zilezile za kabla ya 1974. Haya, maswali. Wewe uliyekuwa unatabasamu, anza.