Wali au Maharage? Usimhesabu Mtu Mara Mbili

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Shika kalamu na daftari, leo hesabu yetu iko kwa mama ntilie, hapa Buguruni.

Tuseme mchana huu amehudumia watu 40. Waliokula wali ni 24, waliokula maharage ni 18. Nikimchagua mmoja bila kuangalia, kuna uwezekano gani kwamba alikula wali au maharage?

Kwanza hilo neno "au". Mama akikuuliza "wali au ugali?" anataka uchague kimoja. Kwenye hesabu, aliyekula vyote viwili naye yumo. Lishike hilo kabla hujagusa namba.

Sasa jumlisha: 24/40 + 18/40 = 42/40. Simamisha video, uitazame vizuri. Uwezekano hauvuki 1 hata siku moja. Watu 42 tumewatoa wapi, na waliokula ni 40? Ni wale wa wali maharage: tuliwahesabu kwenye wali, tukawarudia kwenye maharage.

Chora maduara mawili yanayoingiliana, ule mchoro wa Venn. Anza katikati, siku zote katikati kwanza. Wa wali maharage tuseme ni 10, waandike hapo. Upande wa wali wanabaki 14, wale wa samaki na mchicha. Upande wa maharage wanabaki 8, wa chapati hao. Nje kabisa 8, ugali dagaa. Haya: 14 + 10 + 8 = 32. Jibu ni 32/40, yaani 0.8.

Kwa kanuni, P ni uwezekano, A ni kula wali, B ni kula maharage:

P(A au B) = P(A) + P(B) − P(A na B)

24/40 + 18/40 − 10/40 = 32/40. Unatoa mara moja tu. Ukitoa mara mbili, wale 10 wamefutika kabisa, na chakula wamekula.

Hapo kosa lilijitangaza lenyewe. Linaloniumiza mimi ni kosa la kimya. Chukua karata 52, uchomoe moja. Uwezekano wa kupata kopa (zile za alama ya moyo) au saba? Kopa ziko 13, saba ziko 4. Ukiandika 17/52 hakuna kinachokushtua, maana iko chini ya 1, na wanafunzi wazuri kabisa wanapoteza alama hapo. Saba ya kopa iko kote kuwili. Itoe mara moja: 16/52, yaani 4/13.

Sasa zamu yako: kopa au shupaza (zile nyeusi za alama ya jembe)? Kabla hujajumlisha, itafute kwanza ile karata iliyo kote kuwili. Ukiikosa, unatoa sifuri.