Mwanga Unaorudi na Habari za Elektroni

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Niko Hamburg, Ujerumani, ninakosomea, na leo nawajibu mlioniuliza elektroni, chembe ndogo mno ibebayo umeme, huchunguzwaje ilhali jicho haliioni.

Tazameni kipande hiki nilichokishika kwa kibano. Ni galiamu asenidi, mata ya kutengenezea vifaa vya elektroniki, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, na nikikigeuza kwenye taa kinatoa rangi za upinde wa mvua, kwa sababu juu yake pamechongwa nyaya nyingi sambamba, kila mmoja ukiwa mwembamba kuliko unywele mara mamia.

Ndani ya waya kama huo elektroni hazina nafasi ya kupishana. Aliyekulia Mji Mkongwe anaelewa: hamali akiingia kichochoroni na mzigo, hata apige "habedari" mara ngapi, hapiti mpaka wa mbele asogee, na msukumo wa mmoja huwafikia wote. Elektroni nazo hutikisika pamoja kama wimbi. Wanafizikia Tomonaga mwaka 1950, kisha Luttinger mwaka 1963, waliweka nadharia iliyotufikisha kwenye jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha: wimbi la chaji (umeme wa elektroni) na wimbi la spini (sifa inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo) hutengana, kila moja likaenda kwa kasi yake.

Njia ya kuyatambua ilianzia baharini. Mwaka 1921 mwanafizikia C. V. Raman, akirejea India kwa meli, alivutwa na buluu ya Mediterania (nami nikiikumbuka ile ya mkondo wa Pemba, naona alikuwa na haki), akachunguza jinsi maji yanavyotawanya mwanga, na mwaka 1928 yeye na K. S. Krishnan wakagundua kwamba sehemu ndogo ya mwanga hurudi na rangi iliyobadilika.

Nasi tunazipoza nyaya kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, kisha tunazimulika kwa leza. Mwanga mwingi hurudi vilevile. Mchache hurudi umepungukiwa nishati, na kilichopungua ndicho elektroni zilichokichukua ili zitikisike. Tukipokea mwanga unaotetema sambamba na wa leza, tunasoma habari za chaji. Tukipokea unaotetema kwa kuukingama, tunasoma za spini. Waya mmoja hutoa mwanga hafifu mno, ndiyo maana tunachonga safu nzima, lakini nyaya zikitofautiana upana, vilele vya grafu ya mwanga unaorudi huchanganyika.

Vipande vyangu viwili vya awali viliharibika hivyo. Hiki ni cha tatu, na kesho alfajiri kinaingia kwenye heliamu.