Serikali iwe mteja wa kwanza: Mkongo wa Taifa na miji midogo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wageni wetu kutoka halmashauri, habari za jioni. Mada niliyopewa, nafasi ya serikali katika kupeleka intaneti, ni pana, kwa hiyo nitaibana. Nitazungumzia makao makuu ya wilaya tu: ile miji yenye stendi moja, benki mbili ukiwa na bahati, hospitali ya wilaya na mnada.

Tuanze kwa kumpa mwenye haki haki yake. Kabla ya 2009 karibu data zetu zote za nje zilipita kwenye setilaiti, kwa bei ya kukatisha tamaa. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM, waya wa faiba unaobeba data chini ya bahari, ukatua Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Lakini mkongo wa baharini unaishia ufukweni. Kuutoa hapo hadi Arusha au Mwanza kampuni binafsi ingekubali, maana huko wateja wapo. Nani angechimba mtaro hadi Kigoma au Songea? Serikali ilikopa kwa benki ya Exim ya China, ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na usimamizi ikaupa TTCL, shirika la simu la umma. Leo mkongo huo una maelfu ya kilomita na unatokea mipakani: Rusumo, Kabanga, Mutukula, Tunduma, Kasumulu. Sehemu yake imepita juu kwa juu, kwenye njia za umeme mkubwa za TANESCO. Anayesema fedha hiyo ilipotea hajawahi kutuma faili kubwa mwaka 2008.

Gharama ya kazi hii haiko kwenye uzi wenyewe, ambao ni mwembamba kama unywele. Iko kwenye sururu: mtaro, mwamba, mto, kuvuka barabara. Ndiyo maana inauma kuona lami mpya inamwagwa bila kulazwa bomba tupu pembeni, kisha mkandarasi mwingine anakuja kuchimba ukingo uleule. Na siku barabara inapopanuliwa, katapila linaanza kwa kukata faiba.

Mkono wa pili wa serikali ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotungiwa sheria mwaka 2006. Kampuni za simu zinachangia, mfuko unatoa ruzuku ya minara pale ambapo hesabu ya biashara inakataa. Mei 2023, pale Dodoma, ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Hiyo ndiyo namba iliyopigiwa makofi. Mimi niliishika nyingine iliyotajwa siku hiyohiyo: minara 304 ya zamani kuongezewa nguvu kutoka 2G, teknolojia ya zamani ya kupiga simu na kutuma meseji. Maana yake ruzuku za mwanzo zilinunua sauti. Mtu aliweza kumpigia shangazi yake, lakini fomu haikufunguka.

Sasa twende mjini kwenyewe. Mkongo unaingia kwenye kituo chake chenye uzio na jenereta, unalisha minara, basi. Nenda steshenari yoyote jirani na stendi msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB. Vijana wamejaa bahasha mkononi, vyeti vya kuzaliwa vimeshaskaniwa, na kompyuta ya dukani inakula intaneti ya simu ya mwenye duka, iliyoegeshwa dirishani ili ishike mtandao. Jioni, watu wote wanapoingia kwenye mnara mmoja, ukurasa unazunguka tu. Kijana analipia huduma, analipia kusubiri, kesho analipia tena nauli. Na ofisi ya umma iliyo ng'ambo ya barabara? Tangu 2023 manunuzi yote yamehamia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni, hospitalini kuna GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendesha hospitali, na si ajabu kumkuta mtumishi akifanya kazi ya serikali kwa bando lake mwenyewe.

Hoja yangu ni hii: katika mji wa namna hiyo serikali isijifikirie kuwa mjenzi tu, iwe mteja wa kwanza. Mtoa huduma mdogo anayefikiria kuvuta faiba kutoka kituoni hadi katikati ya mji anamtafuta mtu mmoja atakayelipa kila mwezi bila kukosa. Mfanyabiashara wa mnadani hawezi kuwa mtu huyo. Hospitali, halmashauri, mahakama, sekondari na TRA zinaweza, kama zitaacha kununua kila mmoja kivyake. Ziwekwe kwenye mkataba mmoja wa miaka kadhaa, wenye sharti: waya unapopita, steshenari na nyumba ya wageni zilizo njiani ziuziwe kwa bei iliyobandikwa wazi.

Najua mnachotaka kusema, wageni wetu wa halmashauri mmeshaanza kucheka. Serikali inachelewa kulipa. Kweli, na mtoa huduma mdogo akikaa miezi sita bila malipo anafunga duka. Kwa hiyo fedha hiyo isitegemee mapato ya ndani ya halmashauri. Itengwe mapema, na UCSAF wenyewe wailipe moja kwa moja. Kama mfuko unaweza kutoa ruzuku ya mnara, hauna sababu ya kushindwa kulipa ankara.

Wengine wataniambia jiografia ni ngumu. Agosti 2022 TTCL ilipeleka intaneti Horombo, mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya bahari. Sina ugomvi na hilo. Mpagazi akianguka kule juu, msaada unaitwa upesi. Lakini baada ya Horombo nikiambiwa kwamba hospitali iliyo kilomita tatu kutoka kituo cha mkongo haifikiki, nitaomba kuonyeshwa huo mlima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu setilaiti, naona mikono imeshainuliwa pale nyuma; tuanze na hapo.