Grisi inaharibikia stoo kabla haijafika kwenye beringi

Haya ndugu zangu mafundi, sogeeni huku mbele, nataka kila mtu aione hii ndoo kwa ndani. Mmeona pale katikati? Kuna shimo, na shimo limejaa oili. Juzi kijana mmoja kaniambia fundi hii grisi feki, tumepigwa. Sio feki mdogo wangu, hilo shimo tumelichimba wenyewe kwa mikono yetu.

Grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni. Ndio, sabuni kabisa, hii tunayoweka kwenye habu za malori, pale katikati ya tairi panapokaa beringi, ina sabuni ya lithiamu, sehemu kubwa ya ndoo ni oili afu sabuni inaishika kama sponji na maji, ikifika kwenye beringi inaiachia kidogo kidogo ndo chuma kinapata ulaini. Sasa wewe ukichota katikati tu ukaacha shimo, oili inateremka pole pole inajaa pale, na kukiwa na joto ndo inatoka mbio. Kwaiyo ukimaliza kuchota sawazisha juu pawe tambarare, kazi ya nusu dakika. Na ukikuta oili kidogo imeelea usiimwage jamani, ukiimwaga unabaki na grisi kavu, ikoroge irudi. Ikiwa nyingi na ukikoroga haishikani, hiyo usiipeleke kwenye beringi ya mtu.

Joto lenyewe tunalitafuta. Stoo nyingi ni kontena la bati, mchana wa Januari hapa Dar ukifungua mlango unarudi nyuma, na grisi inatakiwa isizidi nyuzi 40. Itafutie kivuli, iweke juu ya mbao sio sakafuni.

Pipa la nje nalo watu wanasema lina mfuniko, halina shida. Lina shida. Mchana hewa ya ndani inatanuka inatoka, usiku pakipoa pipa linavuta hewa, na kama mvua imetuama juu ya mfuniko linavuta na maji. Nimefungua pipa la kilo 180, jipya, grisi ya juu imekuwa nyeupe kama mtindi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tulifunga beringi mpya kwenye lori, mwenye gari karudi muda si mrefu habu inaunguruma, tumefungua, njia zote za beringi, pale rola zinapopita, zimechunika. Tukalaumu beringi, tukalaumu duka, kumbe ndoo ya grisi ilikuwa wazi mita mbili kutoka kwenye grainda, vumbi la chuma linaruka linatua humo wiki nzima na sisi tunachota tunapaka. Yule mzee alilala njiani na mzigo wa watu. Tangu siku ile mfuniko ukiachwa wazi karakana yangu inasimama, sijali kuna foleni ya magari kiasi gani.

Afu msimalizie ndoo ya zamani juu ya mpya kwa sababu rangi zinafanana, rangi ni rangi tu, haikwambii ndani kuna sabuni gani. Ya lithiamu ukichanganya na ile ya polyurea ya mota za umeme, ambayo oili yake inashikwa na kitu kingine sio sabuni, inaweza ikalainika mpaka ikamwagika yote. Iliyokuja kwanza itumike kwanza, andika tarehe ubavuni mwa ndoo kwa maka peni.

Haya, wewe mwenye ovaroli ya bluu, njoo na mwiko safi, futa kwanza ukingo wa ndoo ndo uanze kusawazisha, wengine muangalie.