Faharasa ya Blokucheni Ikae Wapi? Mhadhara kwa Waandaaji wa Programu, Mwanza

Ndugu zangu, habari za mchana. Tuanzie hapa Mwaloni Kirumba. Chukulia karani anaandika kila mtumbwi ufikapo: saa, jina la chombo, ndoo za dagaa. Ukimuuliza chombo fulani kimeleta ndoo ngapi tangu Januari, atapekua kitabu kizima, labda awe na daftari la pili lililopangwa kwa majina. Blokucheni, yaani mnyororo wa mafungu ya kumbukumbu yaitwayo bloku, ni kile kitabu. Faharasa ni daftari la pili.

Kwenye Ethereum, mojawapo ya blokucheni, bloku mpya huja kila sekunde 12, na zile za mwisho zinaweza kutenguliwa. Ndiyo maana Graph Node, programu ya kutengeneza faharasa kutoka mradi wa The Graph, huacha nafasi ya kurudi nyuma bloku 250 usipoibadilisha. Inahitaji vitu vitatu pembeni: Postgres (hifadhidata inamokaa faharasa), IPFS (mtandao wa kuhifadhi mafaili), na nodi, yaani kompyuta yenye nakala ya mnyororo unaousoma.

Sasa tuipeleke Akash, soko la seva lisilo na mwenye nalo mmoja. Unaandika faili ya YAML (maandishi ya mipangilio) inayotaja kori za prosesa, memori na diski. Wenye mashine wanaleta zabuni, unachagua mmoja, na kodi ya pango inakatwa bloku kwa bloku kutoka kwenye amana yako. Hadi hapo ni rahisi.

Tabu iko kwenye Postgres. Diski ya kawaida hufutika kontena (kifurushi ambamo programu inaendeshwa) likianzishwa upya, kwa hiyo mnaandika persistent: true na kulala usingizi. Msilale! Diski hiyo inavumilia kontena kuwashwa upya tu. Amana ikikauka, upangaji hufungwa na data huondoka nayo. Na mwenye mashine akizima, huwezi kuihamishia kwa mwingine. Toeni nakala kwa pg_dump, zana ya Postgres ya kutoa nakala, kila siku, ikae nje ya Akash kabisa, na mjaribu kuirejesha kabla hamjaihitaji.

Kosa la siku ya kwanza: Postgres inagoma kuwaka. Diski iliyopachikwa mara nyingi huja na folda ya lost+found, na Postgres haianzi kwenye folda yenye kitu. Elekezeni PGDATA, mpangilio unaotaja Postgres iweke data wapi, kwenye folda ndogo ya ndani, kama /var/lib/postgresql/data/pgdata. Hifadhidata iundwe kwa UTF8 (usimbaji wa herufi) na locale ya C (kanuni za kupanga maandishi), la sivyo Graph Node itaikataa.

Poti, yaani mlango wa mtandao, 8000 ya maswali ifunguliwe kwa wote. Ile ya 8020 ni ya usimamizi: anayeifikia anaweza kuondoa faharasa yako. Iacheni ndani, pamoja na 5432 ya Postgres.

Na mashine iwe wapi? Wengi hutafuta iliyo karibu na Mwanza. Tafuteni iliyo karibu na nodi. Piga hesabu: maombi milioni moja yanayofuatana kutoka Graph Node kwenda kwenye nodi, kila moja milisekunde 200, ni sekunde 200,000, zaidi ya siku mbili. Kwa milisekunde 5 ni kama dakika 83. Mtumiaji wa hapa anauliza swali moja moja. Hataona tofauti kubwa. Wekeni pia startBlock, bloku ya kuanzia kusoma, kwenye bloku ambayo mkataba erevu mnaoufuatilia (programu inayokaa kwenye mnyororo) ulizaliwa, msianze sifuri bila sababu.

Poti 8030 inaonyesha faharasa imefika bloku ya ngapi. Linganisheni na kichwa cha mnyororo, yaani bloku mpya kabisa. Pengo likipanuka huku kori na diski zimepoa, anayechelewesha ni nodi. Kuongeza kori ni kulipia viti vitupu.