Kushusha giaboksi ya otomatiki nyumbani: usiivute kwa bolti

Zuhura: Karibuni jamani. Leo kucha zangu zote nyeusi, giaboksi iko sakafuni hivi tunavyoongea, gari liko juu ya stendi nne na mimi nimekwama. Kaka Hamisi ameshashusha na kurudisha otomatiki mara sita, kwaio leo mi ndo nauliza.

Hamisi: Sita, na moja kati ya hizo ilikuwa kurudia kazi yangu mwenyewe, tutafika huko. Ila dada, kabla hujasema umekwama wapi, kwa nini uliishusha? Maana watu wanashusha giaboksi kumbe ni solenoidi imekufa au oili imepungua, vitu ambavyo mara nyingi unavimaliza bila kuitoa.

Zuhura: Oili ilikuwa inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Nikatandika karatasi nyeupe chini usiku kucha, asubuhi doa jeusi jeusi. Nikalinganisha na oili ya injini, ndo yenyewe, basi nikajua ni sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kubwa inayozunguka ndani ya injini.

Hamisi: Umefanya vizuri kulinganisha, sababu ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ikiwa mpya ni nyekundu ila ikizeeka nayo inageuka kahawia, ukiangalia rangi peke yake unaweza kudanganyika. Ingekuwa ATF ningeanza kushuku sili ya pampu, ile ya mbele ya giaboksi.

Zuhura: Nikakata betri, terminali ya negativu kwanza, nikalegeza nati za hubu gari likiwa bado chini, halafu nikanyanyua.

Hamisi: Ngoja hapo hapo. Uliinua kiasi gani? Hili watu wanalisahau. Giaboksi ikishakaa juu ya jeki lazima ipite chini ya bodi kutoka nje, kwaio unapima urefu wa giaboksi pamoja na jeki kabla hujaweka stendi, si baadae. Na stendi ziwe kwenye saruji iliyo sawa, ukimaliza sukuma gari kwa nguvu zako zote, likicheza shusha upange upya. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki tu hata kama unachukua spana moja, hapo mi sina mjadala na mtu.

Zuhura: Nilisukuma, halikucheza. Nikamwaga oili, nikatoa shafti mbili za kwenda kwenye matairi, moja iligoma kabisa nikataka kuivuta.

Hamisi: Hukuivuta?

Zuhura: Sikuivuta.

Hamisi: Afadhali, maana ukivuta shafti yenyewe joint ya ndani inaachana humo ndani ya buti na umeshajiongezea kazi. Unaweka pao, lile chuma la kubanjulia, kati ya joint na bodi ya giaboksi unaisukuma itoke, taratibu usikwaruze sehemu ya sili. Na ikitoka kuna oili nyingine inamwagika, weka beseni. Bolti ulizipangaje?

Zuhura: Nilichora giaboksi kwenye boksi la katoni, kila bolti nikaichomeka pale pale ilipotoka. Zina urefu tofauti tofauti, zingine zinafanana ukiziangalia haraka.

Hamisi: Hiyo katoni itakuokoa wakati wa kurudisha. Za juu je?

Zuhura: Weee. Zile mbili za juu zilinimalizia siku nzima, haki ya Mungu, mkono hauingii, spana haigeuki, nikafungua boksi la eya filta, nikafungua bracketi ya waya, bado. Mwishoni ndo nikashusha kidogo upande wa giaboksi, injini nimeishika kwa juu na ile bomba ya kuning'iniza injini, ndo nikapata njia ya kupitisha eksitensheni.

Hamisi: Ndo siri yenyewe hiyo. Kwenye gari la kusukuma nyuma ni hivo hivo, ukishatoa propela na krosimemba unaacha mkia wa giaboksi ushuke, eksitensheni ndefu inapita juu kutokea nyuma mpaka kwenye bolti. Ila unapoinamisha uwe unachungulia juu kila saa, paipu za maji na waya zinaweza kuvutika au injini ikagusa ukuta wa nyuma. Na wakati wowote giaboksi haipo, injini lazima ishikwe na kitu. Ukiishika kwa jeki chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, weka ubao katikati, sampu nyingi ni bati.

Zuhura: Tok konveta, lile duara lenye oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, nilitoa bolti zake kupitia kidirisha cha chini, nazungusha krenki kwa spana kule mbele inakuja moja moja. Nikapiga alama ya rangi kwenye konveta na fleksipleti, ile sahani nyembamba ya krenki inayofungwa konveta.

Hamisi: Na ulipoitenganisha konveta ilitoka na giaboksi?

Zuhura: Ilitoka nayo. Nilikuwa naisukuma nyuma kwa pao huku jeki inarudi.

Hamisi: Safi sana. Konveta ikibaki imening'inia kwenye fleksipleti unapindisha vitu, na ukiinamisha giaboksi mbele bila kuifunga inateleza inadondoka, ni zaidi ya kilo kumi na oili imejaa ndani. Waya tu au kipande cha bati kinachopita mbele yake kinatosha kuishika. Sasa niambie umekwama wapi.

Zuhura: Sili ya krenki nimeshabadilisha, na ya pampu pia maana kuiacha ya zamani wakati kila kitu kiko wazi ni kujitafutia. Fleksipleti nimeikagua pale kwenye bolti za krenki, haina ufa. Konveta niliitoa ili nibadilishe sili, nikairudisha, ikaingia ikagonga tak, inazunguka vizuri. Nikaweka rula ndefu kukatisha mdomo wa giaboksi nikapima kwenda chini mpaka kwenye vikalio vya bolti za konveta. Kitabu cha gari kinasema isipungue milimita 18. Mi napata 11.

Hamisi: Dada. Konveta haijaingia yote, usiipandishe hiyo giaboksi.

Zuhura: Ndo maana nimekaa.

Hamisi: Sikiliza, nikueleze kilichonipata mara ya kwanza. Konveta yangu iligonga, inazunguka, nikaona imekaa. Sikupima. Nikapandisha, mdomo wa giaboksi ukabaki mbali na injini kama upana wa kidole. Nikasema bolti zitaivuta. Nikazikaza moja moja kwa kuzungusha, ikafunga, nikafurahi. Nikawasha, ukatoka mlio wa kukwaruza kama bati linasagwa, hakuna gia hata moja. Nilipoishusha tena gia ya pampu imepasuka, meno ya konveta yameliwa pembeni. Kazi ya siku tatu nikairudia yote, na giaboksi ilikuwa nzima nilipoitoa, mimi ndo niliyeivunja.

Zuhura: Kwa bolti.

Hamisi: Kwa bolti. Ndo maana nalisema kila nikipata mtu wa kumwambia. Ile konveta inashika sehemu zaidi ya moja, kuna meno ya shafti ya kuingilia, kuna meno ya steta, kipande cha katikati ya konveta, halafu kuna zile njumu zinazoendesha pampu, na mara nyingi njumu za pampu ndo za mwisho. Ukisikia tak moja unadhani umemaliza kumbe bado hatua. Na inazunguka kabisa hata kama haijafika, kwaio kuzunguka sio ushahidi. Ushahidi ni kipimo.

Zuhura: Sasa nafanyaje, naigonga?

Hamisi: Hapana, nyundo weka mbali. Simamisha giaboksi mdomo ukiangalia juu kama unaweza, uzito wa konveta ukusaidie. Paka oili shingo yake. Shika kwa mikono miwili, zungusha huku unaisukuma ndani, geuza uelekeo, itikise kidogo, zungusha tena. Itadondoka hatua moja, utaisikia mkononi kabla ya sikio. Endelea mpaka kipimo cha kitabu kifike. Inaweza kuchukua dakika moja, inaweza kuchukua nusu saa. Ukichoka pumzika, ukiwa na hasira ondoka kabisa.

Zuhura: Na nikipandisha?

Hamisi: Zile pini mbili za kulengesha ziwepo kwenye injini, zisipokuwepo giaboksi inakaa pembeni kidogo na bushi ya pampu inakufa polepole. Giaboksi iende mpaka ikutane na injini kwa mkono tu, uso kwa uso, kabla hujakaza bolti yoyote. Ikigoma rudisha nyuma utafute kinachozuia. Ikishakutana, ingiza mkono, konveta izunguke yenyewe na iwe na nafasi ndogo kati yake na fleksipleti, milimita chache. Ndo unaivuta mbele kwa bolti zake. Bolti hizo hizo za zamani, ukiweka ndefu zaidi inasukuma konveta kwa ndani inaibonyeza.

*(Tunarekodi tena baada ya siku mbili.)*

Hamisi: Haya?

Zuhura: Milimita 19. Ilichukua dakika kama ishirini, nilikuwa nimeshakata tamaa nazungusha tu kwa upande mwingine, ikashuka yenyewe, nikaisikia mpaka kwenye bega. Nilipima sehemu tatu. Halafu kaka, giaboksi ilivyopanda ikafunga uso kwa uso sijashika spana, nilikaa chini kwanza.

Hamisi: Alhamdulillah. Waya wa ati umerudisha? Ule wa kutoka kwenye giaboksi kwenda bodi. Ukisahau, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, unaweza kupita kwenye kebo ya gia ukaiunguza.

Zuhura: Upo. Oili nilimimina kiasi kile kile kilichotoka, nikawasha bila kukanyaga mafuta, mguu kwenye breki, nikapitisha gia zote, P, R, N, D, kila moja sekunde chache, nikarudi P nikaongeza oili kidogo kidogo.

Hamisi: Na kupima fuata gari lako, usifuate la jirani. Mengi yanapimwa injini inaunguruma na oili imepata moto, Honda inapimwa injini imezimwa, na zile zisizo na kijiti kuna plagi ya kufurika na joto maalum. Na aina ya oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu, giaboksi ya CVT, ile ya mkanda isiyo na gia za hatua, ukiiwekea ATF ya kawaida unaiua.

Zuhura: Mwanzoni ilikuwa inabadilisha gia na kamshtuko kadogo, nikaiendesha taratibu, imeanza kutulia.

Hamisi: Kompyuta inajifunza upya kama betri ilikatwa. Ukiona baada ya siku kadhaa bado inashtuka, kuna mashine ya kuseti upya, na angalia oili tena. Vipi karatasi, umetandika?

Zuhura: Nilitandika jana usiku. Asubuhi nyeupe. Nimeiacha tena leo.